Vilima vya Shimba: Matembezi ya Familia Kwenye Chimbuko la Maji Yetu

Kila likizo ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za Kisauni, Majengo na Likoni hujiuliza swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Jibu letu huwa ni bahari, na bahari haijatunyima kitu. Lakini anayesimama kwenye barabara ya Kwale siku isiyo na mawingu huona upande wa magharibi safu ya vilima vya kijani kilichokolea, na wengi wetu tumeishi miaka mingi tukivitazama kwa mbali pasipo kuvikanyaga. Hivyo ndivyo Vilima vya Shimba. Kutoka kisiwani Mombasa si mwendo wa kilomita 50, nasi tunaona kwamba familia ya Pwani ina sababu maalumu ya kuvitembelea kwa miguu.

Njia ni nyepesi. Ukishavuka Likoni, au ukipitia barabara mpya ya Dongo Kundu, unashika barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, kisha unakata kulia kuelekea mji wa Kwale. Barabara hupanda taratibu, minazi na miembe ikisindikiza pande zote mbili, na upepo hubadilika kabla ya macho kutambua kwamba mmekwisha kupanda. Vilima hivi huanza kwenye kimo cha mita 120 hivi na kufikia karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari. Si milima ya kutisha, ila kimo hicho kinatosha kuuzuia unyevu wa upepo wa baharini na kuugeuza ukungu na mvua. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikawa hifadhi ya wanyamapori.

Matembezi yanayofaa familia ni yale ya kushuka hadi Maporomoko ya Sheldrick. Huanzia Elephant Hill, na kutoka hapo hadi kwenye maji ni kama kilomita 2. Hakuna anayeruhusiwa kwenda peke yake; askari wa wanyamapori mwenye bunduki hutangulia, kwa kuwa ndovu hupita humo humo. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, wa kwanza nyanya wa miaka sabini na wa mwisho mtoto wa miaka sita. Tulikuwa na mashaka juu ya magoti ya nyanya, na baadhi yetu walikwisha kupendekeza abaki garini. Askari aliyasikia maneno hayo, akamwendea kwa adabu, akasema: "Shikamoo, bi mkubwa. Mwitu huu haukimbii. Wewe utakuwa wa pili nyuma yangu, na sote tutakwenda kwa mwendo wako."

Agizo hilo ndilo lililotufaa kuliko yote. Mwenda pole hajikwai, na zaidi ya hapo, mwenda pole huona. Kwa mwendo wa nyanya, watoto waliona nyayo za ndovu zilizojaa maji ya mvua, jongoo wenye urefu wa kiganja, na mbega weusi wenye mabega meupe wakirukaruka juu kabisa ya miti. Hondohondo alipopita, mbawa zake zilisikika kabla ya yeye kuonekana. Chini ya mti mmoja tulikuta mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, na nyanya akazitambua mara moja: ni mbambakofi, mti ambao mbao zake zilichongwa milango ya nyumba zetu za kale. Watoto waliotaka kuzitia mfukoni waliambiwa waziache zilipo, kwani kila mbegu ina kazi yake ardhini.

Kwenye nyika iliyo wazi kati ya misitu huenda mkabahatika kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma kama jambia. Katika Kenya nzima, huku Shimba ndiko pekee anakoishi porini. Mtoto wa Mombasa anayemjua simba kwa picha na hamjui palahala ana jirani ambaye hajajulishwa kwake.

Maporomoko yenyewe huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 20, na chini yake pana bwawa la maji baridi. Hapo yule mdogo wetu aliuliza maji yote haya yanatoka wapi na hayo hayaishi vipi. Ni swali ambalo kila mkazi wa Pwani anapaswa kulijua jibu lake. Vilima hivi ni vya miamba ya mchanga. Mvua inaponyesha, majani na mizizi huizuia isikimbie, mchanga nao huifyonza na kuitunza, kisha huitoa kidogo kidogo kwenye chemchemi hata miezi ya kiangazi. Chemchemi ya Marere, iliyo katika vilima hivi, ni mojawapo ya vyanzo vinne vinavyoinywesha Mombasa, pamoja na Mzima, Baricho na visima vya Tiwi. Kwa hiyo mti unaokatwa Shimba haukatwi mbali nasi.

Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kunakopima watu. Tulipumzika mara nyingi, nyanya akiwa wa kwanza kuketi na wa kwanza kuinuka, na hakuna kijana aliyelalamika kuwa tunachelewa.

Mchana tulialikwa kwa mzee mmoja wa Kidigo, jamaa wa mbali, ambaye shamba lake liko chini ya vilima. Watoto walimsimulia nyayo walizoziona kwa furaha kubwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Nyinyi nyayo hizo mmezifuata. Wanangu walikuwa wakizikimbia." Akatueleza miaka aliyolala kwenye dungu akilinda mahindi, na usiku mmoja ambao ndovu waling'oa minazi michanga yote aliyoipanda kwa ajili ya karo. Kwa uzio wa umeme mambo yamepungua ukali, lakini hayakwisha. Maneno yake yalitukumbusha kwamba maji tunayokunywa mjini na uzuri tuliokwenda kuutazama vina gharama, na wanaoilipa kwanza ni wale wanaolala karibu na msitu.

Ipo njia ya kuwaondolea sehemu ya mzigo huo. Huko Mwaluganje, kaskazini mwa Shimba, wenye mashamba walikubaliana katika miaka ya 1990 kuitoa ardhi yao iwe mapito na makao ya ndovu, nao hugawana mapato ya wageni. Huko hata kinyesi cha ndovu hutengenezwa karatasi na kuuzwa. Basi familia inayokwenda Shimba na ipitie Mwaluganje pia. Inunue machungwa, madafu na ndizi Kwale badala ya kuyabeba kutoka mjini. Na imwombe mwenyeji awe mpishi wa chakula cha mchana kwa malipo ya haki.

Kwa wanaokusudia safari, haya yatafaa. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya baridi kuanzia Julai hadi Septemba, njia huwa kavu. Wakati wa masika huteleza sana. Ondokeni baada ya Alfajiri, ili muwe mmekwisha kupanda tena kabla ya Adhuhuri. Vaeni viatu vya raba vilivyofungwa. Mbung'o wapo, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokoza, kwa hiyo mabuibui na kanzu za rangi hafifu ni bora zaidi siku hiyo. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote. Maji yawe kwenye chupa za chuma, na mahamri kwenye vyombo vya nyumbani. Malipo langoni hayapokewi kwa pesa taslimu, hivyo yakamilisheni kwa simu kabla ya kuondoka.

Na mkifika kichwani mwa njia, mtangulizeni aliye mkongwe kuliko wote. Atakwenda taratibu, nanyi mtaona mengi.