Siku Moja Garissa, Mji wa Mto na wa Chuo



Unapotajwa mji wa chuo kikuu, wengi wetu hukumbuka Fes ya Moroko, ambako masimulizi mashuhuri yanaeleza kuwa Bibi Fatima al-Fihri alitoa mali ya urithi wake kujenga al-Qarawiyyin mwaka 859. Wengine hukumbuka al-Azhar ya Kairo au, karibu zaidi na sisi, Lamu na darasa za Msikiti wa Riyadha. Garissa haimo katika orodha hiyo. Ikitajwa majumbani mwetu, hutajwa kwa sauti ya chini, na neno linaloandamana nayo ni hofu.

Sisi wawili, mume na mke, tulikuwa na sababu ya kwenda. Binti yetu, kitinda mimba, amepangiwa Chuo Kikuu cha Garissa kusomea ualimu. Jamaa walitushauri tuombe abadilishiwe chuo. Tuliona si haki kuukataa wala kuukubali mji ambao hatujautia machoni.

Kutoka Mombasa, kwenda na kurudi kwa siku moja ni taabu tupu. Tulilala Hola kwa jamaa zetu, na baada ya swala ya Alfajiri tukashika njia. Barabara inaandamana na mto Tana. Tulipita Bura na mashamba yake ya kumwagilia maji, kisha vichaka vya mathenge na ngamia wakivuka barabara bila haraka. Vizuizi vya polisi si haba, na kitambulisho huwa mkononi muda wote.

Madogo, iliyo ukingo wa magharibi, bado ni kaunti ya Tana River. Ukivuka daraja umeingia Garissa. Mwishoni mwa 2023, na tena mwaka 2024, mafuriko yaliikata njia hiyo na watu wakavushwa kwa mashua. Siku yetu mto ulikuwa mtulivu. Kandoni mwake kulikuwa na migomba na miembe ya kijani kibichi, na hatua chache tu kutoka hapo nchi ni kavu na vumbi jekundu. Maji hayo, yenye rangi ya udongo, ndiyo yanayofika kwetu Kipini na kuingia baharini.

Mji huu hauna magofu wala milango ya nakshi, lakini una historia nzito. Chini ya Waingereza, sehemu zote hizi zilikuwa wilaya zilizofungwa; tangu 1926 mgeni hakuingia bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, na hali ya hatari ikaendelea kisheria hadi 1991. Mwaka 1980 mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa katika msako wa vikosi vya usalama, jambo ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika katika ripoti yake ya 2013. Mji huu, basi, ulijua kulia kabla ya msiba ambao dunia nzima iliusikia.

Msiba huo ni wa tarehe 2 Aprili 2015. Chuo hiki kilikuwa zamani chuo cha ualimu, na kuanzia 2011 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Alfajiri ile magaidi wa al-Shabaab waliingia, wakawatenga wanafunzi Waislamu na Wakristo, wakaua. Watu 148 walikufa, wengi mno wao wanafunzi, watoto waliotumwa na wazazi wao kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta elimu. Mabweni yalibaki matupu, na mamia ya walionusurika walihamishiwa Eldoret. Wengi walidhani mlango ule umefungwa milele.

Haukufungwa. Januari 2016 masomo yalianza tena, na mwaka 2017 chuo kikapata hati yake kamili. Tulipofika langoni tulipekuliwa, tukaeleza tulichokijia, tukaruhusiwa. Ndani ni chuo kama vyuo vingine: vijana wenye vitabu kifuani wakitafuta kivuli, msichana mwenye niqabu na mwenzake aliyevaa msalaba shingoni wakinakiliana maandishi kwenye benchi moja. Tuliwatazama wawili hao kwa muda mrefu. Wauaji walikuja kuwatenga watu wa namna hiyo, tena kwa jina la dini yetu. Kuketi kwao pamoja ni jibu ambalo hakuna hotuba inayoweza kulitoa.

Kutoka chuoni tulikwenda soko la mifugo, mojawapo ya makubwa katika Afrika Mashariki. Wauzaji wa ng'ombe hupeana mikono chini ya kitambaa, vidole vikitaja bei ambayo jirani haioni. Maziwa ya ngamia ni biashara ya akina mama. Mmoja wao, alipojua tumetoka Pwani na tuna binti wa kuleta, alitumiminia kikombe na kukataa malipo. "Mkimleta, atakuwa na mama hapa," alisema.

Adhuhuri tuliswali msikiti wa mjini, ambapo akina mama wana sehemu yao safi na maji ya kutosha. Tukakusanya na Alasiri kwa kuwa tu wasafiri. Chakula kilikuwa wali wa Kisomali wenye zabibu, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu kando ya sahani. Tulinunua nyirinyiri ya kurudi nayo nyumbani.

Kabla ya kuondoka tulitembelea hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji, ambayo hutunzwa na wenyeji wenyewe. Twiga walisimama chini ya migunga wakitafuna, na mbuzi wa watu wakilisha papo hapo miguuni mwao.

Njiani tulizungumza na tukaafikiana: binti ataenda, inshallah. Hofu yetu haikwisha, wala hatuwadharau wazazi watakaoamua vingine. Lakini wazazi wa 2015 hawakukosea kuwapeleka wanao kusoma. Waliokosa ni waliowaua. Chuo husimama kwa imani ya wazazi, na wazazi Waislamu tukikikimbia, nani tutamtaka akiamini?

Kwa familia zitakazopenda kwenda: safirini mchana, na ulizeni kwanza hali ya barabara na ya usalama kwa watu wanaoishi huko. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Chukueni maji mengi na nguo nyepesi za stara, kwani joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Fikeni chuoni asubuhi na mapema, na wageni wa Pwani wawe wameuacha mji saa tisa alasiri ili giza lisiwakute njiani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awape subira wazazi wao, na awahifadhi watoto wote walio safarini kutafuta elimu. Amin.