Sikinde Ilipokuwa Mlimani

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Jumapili moja mjomba alinichukua kwenye bugi, dansi la mchana, katika baa ya Mlimani Park, karibu na Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alinikalisha kwenye kiti cha chuma karibu na spika, akaniagizia soda. Gitaa la besi nililisikia tumboni kabla ya kulisikia masikioni.

Bendi iliyopiga siku ile ilizaliwa hapo mwaka 1978 na kuchukua jina la baa. Mwanzo ilikuwa mali ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua. Watu tuliiita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Mbele walisimama Muhiddin Gurumo na Hassani Bitchuka, na Michael Enoch akipuliza saksafoni.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni mama mmoja mwenye khanga kiunoni. Wimbo ulipofika kwenye chemko, pale muziki unapochemka, aliinuka taratibu, akapita kati ya meza zenye chupa, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Jasho liliishika. Mwimbaji hakuitoa, akaendelea kuimba nayo hadi mwisho wa ubeti.

Mjomba alinieleza kwamba nyimbo nilizozisikia Radio Tanzania zilikuwa zimeshapikwa hapo kwanza. Bendi ilileta wimbo mpya, watu wakaucheza wiki hadi wiki. Wimbo usiponyanyua watu vitini, ulirudi mazoezini. Ndiyo maana naamini kilichopotea si baa tu. Wimbo ulikuwa na mahali pa kukulia, na wachezaji walikuwa walezi wake.

Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka walihamia bendi ya Orchestra Safari Sound, na mjomba alinuna kama aliyefiwa. Baadaye Sikinde tukaifuata ukumbi wa DDC Kariakoo. Miaka ya tisini zikaja redio za watu binafsi, disko, kisha bongo fleva. Vijana wa rika langu wakaacha kuja, nami nikiwa mmoja wao. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi nikipita njia ya Mlimani jioni ya Jumapili, nasikia honi za magari tu. Mwezi uliopita nilimtembelea mjomba. Redio ikapiga rekodi ya zamani ya Sikinde. Hakusema neno. Saksafoni zilipoingia kwenye chemko, alisukuma meza ukutani, akanyoosha mkono, akamwita mkewe jikoni.