Msimamizi wa Ujenzi

Nilirudi kutoka Uganda mwaka 1979 nikiwa mzima wa mwili, na kichwani nikijiona mtu anayedai.

Nilikuwa mgambo. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wengi wetu tuliunganishwa na askari wa jeshi, na mimi, kijana wa Magu niliyeoa juzijuzi tu, nikapewa kubeba makombora ya mota. Watu wakisimulia vita hutaja bunduki. Mimi nakumbuka kutembea, mvua, na matope ya Lukaya, pale barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapopita mabwawani. Yaliyotokea pale sikumsimulia mtu kwa miaka mingi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na baadaye wengi tukarudishwa makwetu.

Nilikuta mke wangu amejifungua binti. Tukahamia Mwanza mjini. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, nchi imefunga mkanda, kazi hazipatikani. Nikawa saidia fundi: kuchanganya zege kwa beleshi na kupandisha karai ngazini kutwa nzima. Malipo ni ya siku. Mvua ikinyesha, mnalala hivyohivyo.

Nikiri wazi: kazi ile niliiona tusi. Kila asubuhi nilitoka nimevaa suruali ya pasi, nikawaambia watoto mimi ni msimamizi wa ujenzi. Nguo za kazi nilizificha saiti, ndani ya mfuko wa sementi. Jioni nusu ya hela iliishia kwenye gongo, maana nikilala sijalewa nilirudi Lukaya. Usiku mmoja nilimkaba mke wangu shingo nikiwa usingizini. Kulipokucha alijifunga mtandio shingoni akaenda sokoni kuuza dagaa. Hakumwambia mtu. Nami sikumwomba radhi; nilidhani kunivumilia ni wajibu wake, kwa kuwa nilipigana.

Binti yetu alipofika darasa la sita, siku moja mama yake alimtuma aniletee uji. Akafika saiti akimuulizia msimamizi. Vibarua wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nashuka ngazi, karai mkononi, uso wote vumbi la sementi, nikatamani ardhi ipasuke. Mtoto akapiga goti kama ilivyo desturi yetu Wasukuma, akasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ya kusikika na wote. Kisha akanimiminia maji ninawe. Sementi ilikuwa imenila vidole hadi nyama nyekundu inaonekana. Akavitazama.

"Vinauma?"

Nilishindwa kumjibu.

Jioni ile nilipita kilabuni bila kuingia. Nisikudanganye, siku chache baadaye niliingia tena, na si mara moja. Gongo lilinichukua miaka kuliacha. Ila nilianza kusema. Nilimsimulia mke wangu habari za Lukaya kidogokidogo, yeye akichambua dagaa. Hakunikatiza, isipokuwa aliniuliza jina la mwenzangu niliyemwacha pale. Nikalitaja. Ndipo nikamwomba radhi kwa ile shingo.

"Nilishakusamehe asubuhi ileile, baba watoto," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Sikustahili. Namshukuru Mungu, na mpaka leo sielewi aliona nini kwangu. Labda nawe unayesoma una mfuko wako umeuficha mahali. Wa kwangu niliurudisha nyumbani, mke wangu akazifua zile nguo akazianika uani, majirani wakiona.

Bado sijathubutu kwenda Kaboya, kule Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita ile. Usingizi nao huja na kukatika. Fundi mmoja, kijana niliyekuwa nikimdharau, alinifundisha kupanga matofali, na tukajijengea vyumba viwili kule Igoma. Ukuta wa nyuma umepinda. Mafundi wakija kutusalimia husema ubomolewe. Mke wangu huwaambia wanywe chai kwanza.