Safari ya Kwenda kwa Beki Mbili wa Musoma

Sikuwahi kufika mkoa wa Mara kabla ya hapo. Nilipanda basi la alfajiri Mwanza kwenda kumtafuta mtu ambaye msomaji hamjui: beki mbili wa ligi ya mkoa, aliyeanza kucheza kijana na kuacha akiwa na mvi. Ndugu yangu mmoja alinisimulia habari zake, nikasema nitakwenda.

Baada ya Lamadi ziwa linakuwa kushoto na Serengeti kulia, na abiria wageni tunageuza shingo kila upande kumtafuta pundamilia. Wenyeji wanasinzia. Bunda tulisimama kidogo, madirisha yakajaa karanga, mayai ya kuchemsha na maji baridi. Kutoka hapo njia nyingine inakwenda Kisorya, mtu akavuke kivuko kwenda Ukerewe. Sisi tulinyoosha.

Nilishuka Makutano nikachukua bodaboda kwenda Butiama, maana kupita pale bila kusalimia kaburi la Mwalimu ingekuwa utovu wa adabu. Mwitongo, lilipo kaburi hilo, ni mahali pa mawe makubwa na kivuli kizuri. Nilikumbuka kwamba Oktoba 1967 Nyerere alitoka hapo kwa miguu mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mimi nilikuwa nimekuja kwa basi na mgongo tayari unalalamika.

Musoma nilifika jua linaelekea kuzama. Mzee nilimkuta karibu na Uwanja wa Karume, anafundisha watoto kupiga krosi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mura. Umetoka Mwanza kuja kumwona mchezaji wa ligi ya mkoa? Simba na Yanga wamekwisha?”

Alinipeleka nyumbani, akatoa mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na daluga moja, ya kulia, mwenzake alishapotea. Soli yake ilishonwa kwa uzi wa nyavu za sangara, mishono ya karibu karibu kama ya jeraha. Akavua kandambili akanionyesha kidole gumba kisicho na ukucha. Malipo? Nauli, soda, wakati mwingine ubwabwa. Wakishinda ndondo, walikula mbuzi.

Nikamuuliza alicheza mechi ngapi. Akacheka. Hajui, na hakuna anayejua. Waamuzi waliandika ripoti, ripoti zikaenda ofisini, zikaishia huko.

Hapo ndipo nilipokasirika kidogo, kwa niaba yake. Australia wana mpira wao wa ajabu, wa tufe la duara dufu, wachezaji 18 kila upande, na majimbo yana ligi zake. Peter Carey wa klabu ya Glenelg, ligi ya Australia Kusini, aliichezea klabu hiyo mechi 448, kuanzia 1971 hadi 1988. Ni ligi ya jimbo tu, lakini idadi inajulikana mpaka mechi ya mwisho. Hilo halihitaji utajiri. Linahitaji daftari na mtu wa kulitunza.

Hata timu kubwa ya mjini hapa inaanza kusahaulika. Biashara United ilipanda Ligi Kuu 2018, ikamaliza ya nne msimu wa 2020/21 na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha haikufika Libya kwa marudiano, ikatolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja. Mzee alisimulia hayo yote bila kutazama mahali, tarehe zikimtoka kama majina ya wanawe. Za timu anazikumbuka. Zake mwenyewe hakuna aliyemwandikia.

Alinisindikiza mpaka barabara ya Mukendo, akaniomba nikipita tena nimletee mipira miwili, ile ya watoto imechoka.

Mipira nitapeleka. Ila kwa vyama vya soka vya mikoa nina ombi: ripoti za mechi bado zipo kwenye baadhi ya makabati. Zitoeni, hesabuni, andikeni majina, wazee hawa wakiwa bado wanaweza kuwasahihisha.