Wiki Mbili za Kujifunza Kusikiliza

Ukitaja jazi mbele ya Mkenya wa rika langu, kwanza atakumbuka gita. Atakumbuka Shirati Jazz na Victoria Jazz, bendi zilizojiita kwa jina hilo huku zikipiga benga. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi mjini New Orleans, ambayo niliisomea kwa wiki mbili kiangazi kimoja nilipokuwa mwanafunzi Marekani.

Naizungumzia kwa sababu mtoto wa kaka yangu, anayepiga saksafoni, amepata nafasi katika warsha ya namna hiyo, na babake hataki kusikia. “Watu wanaopiga chochote kinachowajia kichwani, wanafundishwa nini?” ananiuliza. Swali lake si la kupuuzwa. Nauli na karo zitatoka katika mfuko ule ule unaosomesha wadogo zake watatu.

Basi, wanafundishwa nini? Wakati wa kiangazi vyuo vya Marekani huwa vimefunga, mabweni na kumbi zikabaki tupu, na huko ndiko warsha nyingi hupata mahali. Siku ya kwanza sote tulisikilizwa mmoja mmoja, kisha tukagawanywa katika vikundi vya watu watano au sita wenye kiwango kimoja. Asubuhi tulikuwa na nadharia na mazoezi ya sikio, alasiri mazoezi ya kikundi. Usiku walimu walipanda jukwaani nasi tukawatazama. Siku ya mwisho zamu ya jukwaa ikawa yetu.

Hakuna aliyepiga ovyo. Chukua bluzi, wimbo wa kwanza karibu kila mwanafunzi hufunzwa. Duru yake ina vipimo 12, kila kipimo mapigo 4, jumla mapigo 48. Kordi zake hufuatana kwa mpango ambao kila mmoja anaujua. Juu ya mpango huo mpigaji hubuni sauti yake, lakini duru ikiisha sharti wenye besi, piano na ngoma wamkute pale pale walipo wao. Mwalimu wetu alitukataza kugusa ala kabla ya kuimba kwa mdomo kile tulichotaka kupiga. Mimi niliyelelewa katika kwaya ya kanisa kwa do-re-mi, zoezi hilo halikunitisha.

Utunzi ulikuwa mlima mwingine. Noti ambayo kwa piano ni C, mwenye saksafoni ya alto huandikiwa A, na mwenye tarumbeta huandikiwa D, ili sauti zao zikutane. Asiyejua hesabu hiyo atazua makelele ya sokoni. Kila mmoja wetu alitakiwa kuleta kibao alichokitunga mwenyewe. Changu kilipopigwa kwa mara ya kwanza, kijana wa besi aliongeza mapigo mawili ambayo sikuyaandika, na wimbo ukasimama. Sijasahau furaha ya kusikia wazo langu likirudi kwangu likiwa limenenepa mikononi mwa wengine.

Masomo ya aina hii yana historia. Kati ya 1957 na 1960, kila Agosti kwa wiki tatu hivi, palikuwa na shule ya jazi huko Lenox, jimbo la Massachusetts, chini ya mpiga piano John Lewis. Miongoni mwa waliofundisha walikuwamo Dizzy Gillespie, Max Roach na Bill Evans. Mwaka 1959 alifika pale Ornette Coleman, mtu wa miaka 29 mwenye saksafoni ya plastiki, ambaye tayari alikuwa amerekodi santuri. Aliketi darasani kama mwanafunzi, ingawa upigaji wake uliwashangaza hata walimu. Novemba mwaka huo alianza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, na wanamuziki wakagawanyika: hawa wakimsifu, wale wakisema hajui kitu. Mwanafunzi mwenzake, David Baker, baadaye aliongoza masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana kwa miaka mingi. Mmoja alitikisa muziki, mwingine akafundisha vizazi.

Simdanganyi kaka kwamba mwanawe atakuwa Coleman. Wiki mbili hazimfanyi mtu mwanamuziki, na mimi mwenyewe hulipa kodi ya nyumba kwa uhasibu. Lakini ninapoketi mkutanoni hutambua upesi nani anasikiliza na nani anangojea tu zamu yake ya kusema. Sikio hilo nililipata kwenye kikundi kile cha watu watano, ambako aliyejipigia peke yake alijulikana kabla ya kipimo cha nne.

Nimemwambia kaka nitatoa nusu ya nauli. Kijana naye nimempa sharti: kabla ya kupanda ndege azijue skeli zote 12 za meja, na apige bluzi bila karatasi. Huko hakuna atakayesimamisha wimbo ili kumngojea.