Viwanja Vilivyopigiwa Kura

Kwa muda mrefu, kila niliposikia kwamba watu wamepigwa risasi katika mji fulani wa Marekani, swali langu la kwanza lilikuwa: ni nani aliyefyatua? Nilitaka jina, na nyuma ya jina nilitafuta malezi, umaskini, hasira. Utafiti wa Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2018 na Charles Branas na wenzake, ndio ulionizoesha, polepole mno, kuuliza pia: ni wapi?

Walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, vya magugu na takataka, mahali ambapo ni rahisi kuficha bunduki kwa kuwa hakuna anayejali kuingia. Wakavipigia kura, yaani bahati nasibu ikaamua vipi vishughulikiwe na vipi visiguswe. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao ulioachiwa nafasi ya mtu kupita. Vingine vilifyekwa na kuzolewa taka, basi. Vilivyobaki havikuguswa. Katika mitaa ya watu maskini zaidi, ukatili wa bunduki kuzunguka viwanja vilivyoshughulikiwa ulipungua kwa takriban asilimia 29.

Nilisita kuamini, na bado husita. Aliyekwisha kukusudia kuua atazuiliwaje na nyasi? Lakini wakazi waliohojiwa walisema wanaogopa kidogo kuliko awali kutoka nje, na kwamba wanakaa nje zaidi, wanazungumza. Huenda si kila risasi hutokana na kusudio la siku nyingi. Huenda nyingine huzaliwa pale pale, penye giza na upweke, na jirani aliyekaa kibarazani hutosha kuizuia.

Kinachonikosesha utulivu zaidi ni ile kura. Kuna familia zilizoendelea kuishi kando ya magugu ili wengine tupate kujua. Kisha nakumbuka upande wa pili: kifungu cha sheria kuhusu fedha za utafiti kilichopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996 kiliwatia hofu watafiti, fedha za serikali kuu kwa utafiti wa bunduki karibu zote zikakauka, na ni mwishoni mwa 2019 tu ndipo dola milioni 25 zilipotengwa. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakizikwa, na kura kama ile ya Philadelphia zilipigwa kwa nadra.

Je, ningekubali kiwanja kilicho mkabala na nyumba yangu kiingizwe kwenye kura? Nikiwawazia wanangu, nakataa. Nikiwawazia watoto wa mitaa ambayo utafiti haujafika, nashindwa kushikilia jibu hilo.