Ukuta Umesimama, Malipo Hayajafika

Mke wa askari mjini Kigali amemuuzia kokoto mkandarasi anayejenga ofisi ya serikali. Ukuta umekwisha simama, lakini yeye hajalipwa, na karo ya watoto inangoja. Amdai nani? Jengo la umma halikamatwi wala halipigwi mnada kwa deni la mkandarasi.

Ipo dhamana ya utekelezaji ambayo mkandarasi huiweka. Lakini hiyo humlinda mwenye jengo, kazi isije ikaachwa njiani. Muuza kokoto haimhusu. Kwa sababu hiyo Marekani, kwa sheria ya mwaka 1935, iliwataka wakandarasi wa kazi kubwa za serikali kuu waweke dhamana ya pili, ya malipo. Muuzaji asiyelipwa hata siku 90 zikapita tangu alete mzigo wa mwisho aweza kuidai mahakamani, mradi mwaka haujatimia.

Mjini Kigali, tangu mwaka 2012, kipo Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi, ambako mwamuzi hutoa uamuzi unaozifunga pande zote mbili. Hata hivyo, hapelekwi huko mtu asiyekubali. Na mdaiwa mkaidi ni nadra kukubali ugomvi ukiisha kuanza.

Basi mama huyo na adai mkataba kabla ya lori la kwanza: bei, siku ya malipo, dhamana, na mahali pa kuamuliwa. Kila stakabadhi aitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari.